Siku Niliyosema Kata

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mvua imetishia tangu asubuhi bila kunyesha. Watu wa Ziwa la Ng'ombe, huku Likoni, wameanua nguo, wakaanika, wakaanua tena. Mama yangu amechoka na mchezo huo. Ameziacha kambani zijitetee zenyewe.

Hali yangu: wastani. Sikulala vizuri, nimekula, sina homa.

Leo asubuhi filamu yangu ilikuwa na dakika saba na sekunde kumi na mbili. Wiki nzima nimebishana na nafsi yangu kuhusu sekunde sita kati ya hizo. Filamu inatakiwa chuoni kesho saa nne. Naandika hapa, kwenye shajara yangu ya mtandaoni, ili niyapange yaliyotokea, kwa sababu kichwani hayataki kukaa kwa mpangilio.

Kwa wasomaji wangu kumi na mmoja (nawajua wote, na wawili ni mimi mwenyewe kwa simu mbili tofauti): majina ya humu nimeyabadilisha. Kitambaa nacho nimekibadilisha. Kwa hiyo usiende kupekua kabati la mama yako.

Nasoma uanahabari mjini, mwaka wa pili. Muhula huu kila mmoja wetu alitakiwa kutengeneza filamu fupi ya maisha ya kweli, isiyozidi dakika nane, kuhusu mtu anayefanya kazi ya mikono. Wenzangu wawili waligombania mkaanga viazi mmoja mpaka wakanuniana. Mimi nilimchagua Mama Sidi, kwa sababu ambayo si ya kujivunia: kibanda chake kiko hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu, na nilikuwa sitaki kubeba stendi ya kamera mbali.

Mama Sidi ni fundi wa kushona. Sare zangu zote za shule, tangu darasa la kwanza, zilipita mikononi mwake. Ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Kaloleni, mrefu, mkimya, na futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Nimewahi kumwona kanisani akipokea sakramenti nayo. Hapa mtaani nguo ya kawaida unaweza kumpelekea fundi yeyote. Lakini kitambaa kilichotoka nje, kile ambacho kikiharibika huwezi kwenda dukani kununua kingine, hicho hupelekwa kwa Mama Sidi peke yake. Hajawahi kuharibu hata kimoja. Hana bango mlangoni, hana kadi ya kugawa. Ana hilo jina tu.

Uzito wa jina hilo nilikuwa siujui nilipoanza.

Mimi si mtu wa hisia. Nalisema hili kama mtu anavyotaja kimo chake. Mama husema nililia siku niliyozaliwa nikawa nimemaliza. Kwenye mazishi ya babu, huko bara kwetu, nilihesabu viti. Nadhani ndiyo maana niliipenda kamera. Ukiwa nyuma yake hakuna anayekuuliza kwa nini umesimama unaangalia tu, kwa sababu kuangalia ndiyo kazi yenyewe.

Jambo lingine la kujua kunihusu ni kwamba nimezaliwa hapa lakini wazazi wangu ni watu wa bara. Baba aliletwa na kazi ya bandari, akabaki. Nyumbani kwetu ukiitwa unajibu "eeh", na ukiwa umekasirika unajibu "nini". Wasichana wa majirani wakiitwa na mama zao walikuwa wakijibu "abee", kwa adabu, sauti ikivutwa kidogo mwishoni. Mimi na dada yangu tulikuwa tukiwacheka. Tulisema wanalia kama mbuzi.

Naliweka neno hilo hapa makusudi. Litarudi.

Kamera ilishikwa na Kevo, mwanafunzi mwenzangu aliyekuja Mombasa kutoka Nakuru miaka miwili iliyopita na bado analalamikia joto kila siku kama habari mpya. Ni mvivu wa mambo yote isipokuwa kamera. Ana tabia moja aliyofundishwa chuoni na ambayo haiachi: ukimwambia asimamishe, hasimamishi papo hapo. Anahesabu kwanza mpaka tano moyoni. Tunaziita sekunde hizo mkia, na humsaidia mtu wakati wa kuhariri.

Siku ya kwanza tulipiga picha vizuri. Mama Sidi akikanyaga cherehani, Mama Sidi akitunga uzi kwenye sindano bila miwani, Mama Sidi akipuliza pasi ya makaa. Maelekezo kati yangu na Kevo yalikuwa kwa Kiingereza, kama wanavyofanya wote. Kisha katikati ya wiki mwalimu wetu wa filamu akatuambia darasani kwamba filamu ya Kiswahili iwe ya Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anazungumzia maandishi ya kwenye skrini. Mimi nikalichukua kama wito.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha mama. Kamera. Anza. Kata. Maneno matatu. Nilitaka yatoke tumboni, yatulie hewani, watu wageuke. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikika. Kevo aliposikia akasema, "Manze, unaongea ka redio ya zamani." Nililipokea kama sifa.

Jumamosi, wiki tatu zilizopita, tukarudi kwa siku ya pili.

Mezani kulikuwa na lesi ya rangi ya majani mabichi ya mgomba. Ilikuwa ya Mama Mwende, jirani yetu, ambaye binti yake anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Binti aliituma kupitia kwa mtu, ikapita mikono mitatu mpaka kufika. Mama Mwende alikuwa anataka gauni refu la kushuka moja kwa moja mpaka miguuni, mikono mirefu, la kuvaa siku ya shukrani ya mavuno kanisani. Mama Sidi alikuwa ameshapima na kuchora kwa chaki. Mstari wa kukatia ulikuwa upande wa ukutani.

Upande wa ukutani kulikuwa na giza.

Katikati ya meza, mahali ambapo mwanga wa mlangoni ulianguka, palikuwa pazuri mno. Nikamwambia Mama Sidi asogeze mkasi, auweke pale katikati, kama anayetaka kukata. Akaniuliza, hapa? Nikamwambia hapo hapo. Nikamwambia, naikumbuka kila silabi, asikate, akae vivyo hivyo, asifanye lolote mpaka nimwambie. Aliniangalia kidogo, kisha akauweka.

Msomaji makini ameshaliona shimo. Mimi sikuliona.

Kamera, nikasema. Anza. Kevo akapandisha taratibu kutoka kwenye vidole hadi usoni. Lesi ilikuwa inang'aa. Mama Sidi alikuwa ametulia kabisa, mdomo wa mkasi uko wazi, kitambaa kiko katikati yake. Nikahesabu mpaka kumi. Kisha nikasema kwa ile sauti ya tumboni:

"Kata."

Akakata.

Hakusita hata kidogo. Mkasi ulipita ndani ya lesi kwa mkato mmoja mrefu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, palepale kiunoni pa gauni la Mama Mwende. Kisha akainua macho, akaona mstari wa chaki uko kule ukutani na mkasi wake uko huku.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu nianze kuandika. Wakati ule uso wa mama yule ulipokuwa unabadilika, nilifanya jambo moja tu. Niliinama nikatazama kioo cha kamera kuona kama picha imekaa sawa.

Imekaa sawa. Imekaa sawa sana.

Kevo alimaliza mkia wake, akasimamisha, halafu ndipo na yeye akaelewa. Mama Sidi akaweka mkasi chini polepole, akasema, "Umesema kata." Hakuwa ananilaumu. Alisema kama mtu anayehakikisha kwamba masikio yake bado ni mazima.

"Nilikuwa namwambia Kevo," nikasema.

"Kevo hana mkasi."

Alituomba tutoke. Tukakaa kwenye ngazi ya duka la jirani, Kevo akinunua maji na kuyamwaga kichwani, mimi nikitazama pazia la kibanda. Nilitegemea kusikia kilio au simu ikipigwa. Hakukuwa na chochote. Baada ya muda mrefu akaniita ndani, mimi peke yangu. Alikuwa amezikunja nusu mbili za lesi akaziweka juu ya rafu, kama nguo iliyokwisha. Akaniomba kitu kimoja tu: ile picha niitoe. Alisema watu wanamletea vitambaa vya wana wao walio ng'ambo kwa sababu wanaamini mkono wake. Wakimwona anakata pasipo na mstari kwa kuambiwa na mtoto aliyemshonea sare, wataamini nini tena?

Nikasema sawa, mama. Ahadi ni deni, na mimi niliiweka siku ile bila kufikiri, kama mtu anavyosema amina.

Alichokifanya na kile kitambaa nilikiona Jumapili ya wiki iliyofuata, siku ya shukrani. Ile mikono mirefu aliifanya mifupi. Lesi iliyobaki kwenye mikono akaifanya rinda fupi lililozunguka kiuno, likafunika mshono wote wa ule mkato. Ukilitazama unaona gauni lililofikiriwa kwa mwezi mzima. Mama Mwende aliingia kanisani amechelewa, na sijui kama alichelewa kwa bahati mbaya. Shingo ziligeuka safu kwa safu. Baada ya ibada nilimsikia akiwaeleza wenzake kwamba yeye alitaka gauni la kawaida tu, ila Mama Sidi akamfanyia mtindo. Kuhusu mikono, Mama Sidi alimwambia kwamba Mombasa ni joto. Hilo si uongo.

Leo nimehesabu kanisani. Kuna magauni mengine mawili ya rinda kiunoni na mikono mifupi, na wa tatu ameniambia ameshapeleka kitambaa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sidhani walimfikiria mhunzi ambaye koleo lake likivunjika, majirani wanakuja kuagiza nao yaliyovunjika.

Kwa hiyo mambo yangekuwa yameisha vizuri kama si mwalimu.

Tulitakiwa kumpelekea picha zetu zote, hata zile mbovu, ili aone tulivyochagua. Wiki iliyopita akaniita ofisini. Filamu yangu ya kwanza, isiyo na mkato ule, aliitazama mpaka mwisho. Halafu akafungua zile picha nyingine, akaenda moja kwa moja kwenye mkia wa Kevo, akaucheza. Akaniuliza kwa nini hii haimo. Nikasema mwenyewe ameomba isiwemo. Akakuna kidevu, akasema kazi nzuri nimeifanya, ila bila sekunde hizi nina video ya cherehani. Nikiziweka mwishoni nina filamu. Akaongeza kwamba filamu bora ya darasa itaonyeshwa ukumbini mwisho wa muhula na kuwekwa kwenye ukurasa wa chuo mtandaoni, na kwamba yeye hawezi kunilazimisha.

Walimu wanaosema hawawezi kukulazimisha ndio wabaya zaidi.

Nikarudi nyumbani, nikavaa hedifoni, nikazicheza sekunde zile kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mpaka hapo nilikuwa nimezikwepa. Na nikagundua mambo mawili ambayo sikuyaona nilipokuwa nimesimama pale.

La kwanza ni kwamba Mama Sidi alitabasamu. Sauti yangu inasema kata, na kabla mkasi haujafunga, uso wake unafunguka. Ni tabasamu dogo la msichana. Linadumu chini ya sekunde, halafu mkasi unapita, halafu anaona.

La pili ni kwamba alijibu. Midomo inasogea kidogo tu, na maikrofoni ilikuwa karibu na kifua chake. Niliongeza sauti mpaka mwisho. Nikarudia. Nikarudia tena.

"Abee, fundi," anasema. Kisha anakata.

Mimi si fundi. Mtu mzima hamjibu hivyo mtoto wa jirani. Nilikaa na jambo hilo siku nzima bila kulielewa. Halafu, na hili naliandika ili nisijidanganye baadaye, nikazichukua sekunde sita, nikaziweka mwisho wa filamu. Nikaitazama yote tangu mwanzo. Mwalimu alisema kweli. Ilikuwa nzuri kupita kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Nilianza kujitafutia visingizio. Mama Sidi hana mambo ya mtandao. Ukumbi uko mjini, nani wa mtaani kwetu ataenda? Lakini binti wa Mama Mwende, kule Uarabuni, usiku na mchana anatazama kila kitu kinachotoka nyumbani. Ndiye anayewaambia wa huku habari za huku. Angekitambua kitambaa chake kabla hajautambua uso wa fundi. Na ile lesi ingekatwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu.

Kwa hiyo leo baada ya ibada nikabeba kompyuta nikaenda kibandani. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kumwomba ruhusa. Nilikwenda kumlainisha. Njia nzima, zile hatua arobaini, nilikuwa napanga maneno: kwamba ni sanaa, kwamba makosa ndiyo yanayomfanya mtu apendwe, kwamba mtindo wake umetokana nayo. Nilikuwa na sababu nne na nilizipanga kuanzia iliyo dhaifu.

Nikamwamkia. Akanipokea shikamoo yangu, akafuta kiti kwa kanga, akaniuliza mama amekwisha anua nguo au bado. Kisha nikafungua kompyuta, nikamwambia kuna kipande nataka akione kabla sijakitoa. Neno kabla nililiweka pale kwa ujanja.

Akakitazama akiwa amesimama. Kilipoisha, hakusema kitu kuhusu kitambaa. Alisema, "Hebu rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu nikampa hedifoni. Aliziweka masikioni kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshika ungo, akafumba macho. Nikaona midomo yake inalifuata lile neno.

Akakaa. Halafu Mama Sidi, ambaye katika miaka yote ya sare zangu sijamsikia akisema sentensi nne mfululizo, akanihadithia.

Alikuja Likoni akiwa na miaka kumi na saba, kukaa kwa shangazi yake Timbwani. Huko akapokewa kazi na fundi mmoja mzee wa Kimvita, Fundi Athumani, aliyekuwa akifundisha wasichana wakati wenzake wote wanachukua wavulana tu. Alikuwa mkali hana simile. Jambo la kwanza alilowafundisha, kabla ya sindano, ni kuitika "abee". Kwao Kaloleni msichana haitiki vile, akajifunza. Mwaka mzima hakuruhusiwa kukata chochote. Alifagia vipande, akachora chaki, akafuta, akachora upya. Siku ya kukata, mwanafunzi aliweka mkasi kwenye kitambaa na kutulia. Fundi Athumani alizunguka meza, akakagua mstari kutoka pande zote nne, na kama ameridhika alisema neno moja tu. Ukaitika, ukakata, na ulikata bila kusita, kwa sababu mkasi ukisita huacha meno kwenye kitambaa.

Hakuwahi kumsifu mtu kwa maneno mengine. Kata ndiyo ilikuwa sifa yake. Maana yake umeshaiva, endelea.

Amekufa zamani. Tangu aondoke kwake, Mama Sidi amekata vitambaa vya watu miaka zaidi ya thelathini na hakuna aliyewahi kusimama nyuma yake akamwambia neno lile. Nani angemwambia? Yeye ndiye fundi sasa.

"Siku ile sikukusikia wewe, mwanangu," akasema. "Nilimsikia yeye. Kabla sijaona nilichofanya, nilifurahi."

Zile sababu zangu nne sijui zilikwenda wapi. Nilitazama mikono yangu. Macho yalikuwa yananiwasha, na safari hii hapakuwa na kamera ya kuinamia. Nilimwomba radhi. Sikumwomba kwa ajili ya kitambaa, hicho ameshakitengeneza mwenyewe. Nilimwomba kwa sababu alipoinua macho siku ile, mimi nilitazama picha. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akasema aliniona. Akasema na Fundi Athumani alikuwa hivyo, mtu akijidunga sindano yeye hutazama kwanza kama damu imefika kwenye nguo.

Sijui kama hilo lilikuwa la kunifariji au la kunitahadharisha. Nimeliandika, nitalifikiria.

Halafu akaniomba nimtilie ile sauti kwenye simu yake, sauti peke yake. Nikamtilia. Aliisikiliza mara moja, akaizima simu, akaiweka mfukoni mwa dera. Nikamweleza kila kitu, bila ujanja sasa. Mwalimu alivyosema, ukumbi, mtandao, na kwamba bila kipande kile filamu yangu ni video ya cherehani. Nikamwambia pia kwamba nataka kuandika haya kwenye shajara yangu. Maneno niandike, akasema, nikibadilisha majina. Maneno hayana sura.

Kuhusu picha alichukua muda. Alikuwa anatazama nje, ambako wanawake wawili walikuwa wanaanua nguo kwa mara nyingine bila mvua yoyote. Kompyuta ilikuwa mapajani mwangu, zile sekunde sita zimeshaguswa, zimewekewa alama, kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta. Nilikaa vivyo hivyo nikingoja kuambiwa.

"Mwalimu wako hakukosea, ni nzuri," akasema mwishowe. "Lakini hiyo ni yangu na fundi wangu. Na Mama Mwende analipenda gauni lake."

Akasimama, akazunguka nyuma ya kiti changu, akainama kuitazama ile alama kwenye kioo, huku na huku, kuhakikisha inaanza panapotakiwa na inaishia panapotakiwa.

"Kata," akasema.

"Abee," nikasema, na nikakata.

Sikusita. Neno lilitoka lenyewe, likavutika kidogo mwishoni, na hakuna aliyecheka.

Filamu yangu sasa ina dakika saba na sekunde sita. Kesho saa nne naipeleka. Mwalimu akiniuliza zile nyingine ziko wapi, nitamwambia fundi ameshakagua.